Kikomo si cha Bili: Gesi na Umeme Vinavyopangiwa Bei Uingereza

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa Waswahili waishio Uingereza, vuli ya 2025. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa. Bei zinazotajwa kuwa za “robo hii” ni za Oktoba hadi Desemba 2025, na zimeshabadilika.

Wazee wetu, shikamooni. Kina mama, kina baba, dada na kaka zangu, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, habari za jioni.

Nianze na swali. Nani hapa anajua yuniti moja ya umeme nyumbani kwake anauziwa peni ngapi? Naona mikono michache. Haya, nani anajua anakatwa paundi ngapi kila mwezi? Sasa ukumbi mzima umenyanyua mikono. Ukimuuliza mtu wa Mbagala, Dar es Salaam, LUKU (ule umeme wa kulipa kabla) ya shilingi 5,000 inampa yuniti ngapi, hachelewi: aliye kwenye tarifu ya kawaida, T1, atakwambia 14. Mtu huyo huyo akihamia Leicester au Reading, ukimkuta baada ya mwaka anajua jambo moja tu, kwamba tarehe mosi benki inapungua paundi 140. Muuzaji wako anafurahi sana ukiijua hiyo paundi 140 na usiijue bei ya yuniti.

Jioni hii nataka tutoke hapa na namba tatu vichwani. Bei ya yuniti. Ada ya kila siku. Na namba iliyoko kwenye mita. Hizo tatu tu. Hela unayokatwa kwa mwezi ni makisio ya kampuni juu ya hizo tatu, na makisio yanaweza kukosea huku benki ikiendelea kukatwa.

Kila baada ya miezi mitatu redio na magazeti yanatangaza: kikomo cha bei kimepanda, kikomo cha bei kimeshuka. Robo hii, Oktoba hadi Desemba 2025, namba inayotajwa ni paundi 1,755 kwa mwaka. Je, ukishalipa paundi 1,755 ndiyo umemaliza? Hata kidogo. Kikomo si cha bili. Narudia: kikomo si cha bili. Kikomo ni cha bei ya yuniti na cha ada ya siku. Ukitumia nyingi unalipa nyingi, hata ufike paundi 4,000 na mtu asikuzuie.

Msione aibu kama mlikuwa mnaelewa vingine. Septemba 2022 Waziri Mkuu wa wakati huo, Liz Truss, alisema redioni kwamba hakuna mtu atakayelipa zaidi ya paundi 2,500. Haikuwa kweli, na ilibidi watu wajitokeze kusahihisha. Serikali ilikuwa imeshusha bei ya yuniti, wastani wa peni 34 kwa umeme na peni 10.3 kwa gesi. Hiyo 2,500 ilikuwa bili ya nyumba ya mfano. Aliyesikia kauli ile akaacha redieta zinawaka mpaka alfajiri akiamini amefika mwisho wa kulipa, bili ilimfuata mlangoni.

Na hiyo nyumba ya mfano ni ipi? Ni nyumba ambayo Ofgem, mdhibiti wa nishati, anaikadiria kutumia yuniti 2,700 za umeme na yuniti 11,500 za gesi kwa mwaka. Sasa wewe nyumbani mko saba, bibi yuko ndani kutwa na baridi haiwezi, maharage yako jikoni kwa saa tatu, mashine ya kufulia haipumziki. Wewe si nyumba ya mfano, bwana. Hiyo 1,755 iache ipite kama habari za mpira wa timu usiyoishabikia.

Namba zinazokuhusu ni hizi, chukueni kalamu. Kwa anayekatwa benki kila mwezi, wastani wa kikomo robo hii: umeme ni peni 26.35 kwa yuniti, na ada ya peni 53.68 kwa siku. Gesi ni peni 6.29 kwa yuniti, na ada ya peni 34.03 kwa siku. VAT ya asilimia 5 imeshaingia humo. Nasema wastani kwa sababu nchi imegawanywa maeneo 14 na kila eneo lina viwango vyake. Ada ya siku ya umeme ya London ni miongoni mwa zile ndogo, ya North Wales na Merseyside ni miongoni mwa kubwa. Viwango hubadilika tarehe 1 Januari, 1 Aprili, 1 Julai na 1 Oktoba, na Ofgem hutangaza mwezi mmoja na zaidi kabla. Ndugu zetu wa Belfast, nyinyi hamumo. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake. Na aliyesaini mkataba wa bei iliyofungwa naye hayumo, yeye analipa alichosaini.

Tupige hesabu. Nyumba imetumia yuniti 225 za umeme kwa siku 30. Zidisha kwa 26.35, unapata paundi 59.29. Ada ya siku, 30 mara 53.68, ni paundi 16.10. Jumla paundi 75.39. Basi, hiyo ndiyo bili ya umeme. Hakuna siri nyingine. Mnaona sasa? Mtoto wa darasa la tano anaiweza, na mpeni aifanye.

Gesi ndiyo yenye kona, na hapa naomba tukae kidogo.

Mita ya gesi haipimi yuniti. Mita ya gesi inapima ujazo, yaani gesi ngapi imepita kwenye bomba, halafu kampuni inageuza ujazo kuwa yuniti, zile zile kilowati-saa za umeme. Hesabu yake imechapishwa kwenye bili, nyuma, kwa herufi ndogo. Chukua namba ya sasa ya mita, toa ya zamani. Zidisha kwa 1.02264, ambayo ni marekebisho ya joto na mgandamizo. Zidisha kwa kiwango cha joto cha gesi, ambacho huwa karibu na 39.5 na hubadilika kidogo kidogo kufuatana na gesi iliyoingia bombani. Gawanya kwa 3.6. Mita ikitoka 4312 ikaja 4362, zimepita mita za ujazo 50. Ukimaliza kuzidisha na kugawanya unapata yuniti 561. Mara peni 6.29, ni paundi 35.29. Ongeza ada ya siku 30, paundi 10.21. Jumla paundi 45.50. Kwa haraka haraka ukiwa umesimama mbele ya mita: mita moja ya ujazo ni yuniti 11 na kidogo, kama peni 70.

Kona yenyewe ni hii. Nyumba nyingi za zamani bado zina mita zinazopima kwa futi za ujazo. Mita hizo zinahesabu kwa mafungu ya futi 100, na fungu moja ni sawa na mita za ujazo 2.83. Sasa kampuni ikiiandika mita yako ya mita za ujazo kuwa ni ya futi, itatokea nini? Zile 50 zitazidishwa kwanza kwa 2.83. Yuniti 561 zinakuwa 1,588. Paundi 35 inakuwa karibu paundi 100. Mwezi mmoja! Hakuna aliyeiba, hakuna bomba linalovuja; ni kisanduku kimoja kwenye kompyuta kimejazwa vibaya, pengine siku mita ya zamani ilipobadilishwa. Makosa ya namna hii yamewahi kugundulika nchi hii kwa wateja wengi, wengine baada ya miaka, na wengine walikuwa wamelipishwa pungufu, si zaidi.

Utajuaje? Nenda kwenye mita na tochi. Ikiwa imeandikwa m³ na ina tarakimu tano nyeusi kabla ya nukta, ni ya mita za ujazo. Ikiwa imeandikwa ft³ na ina tarakimu nne nyeusi, ni ya futi. Kisha tazama bili yako wameandika nini. Zikitofautiana, piga picha ya mita yenye namba yake ya usajili, tuma kwa maandishi, na sema: badilisheni aina ya mita kwenye kumbukumbu zenu, mpige hesabu upya. Na tarakimu nyekundu msizisome. Mtu akijumlisha nyekundu kwenye namba aliyotuma, mita inaonekana imeruka mara kumi.

Sasa swali ambalo kila mtu analo: kwa nini umeme ni mara nne ya gesi? Na kwa nini gesi ikipanda, umeme nao unapanda, wakati tunaona mapangaboi ya upepo yamejaa baharini?

Fikirieni harusi inayohitaji mbuzi 10. Kijijini wa kwanza anauza mbuzi wake kwa 80,000, wa pili 90,000, mpaka wa tisa 120,000. Wa kumi peke yake ndiye aliyebaki, na yeye anataka 300,000. Kwa kanuni ya soko la umeme, mbuzi wote 10 wanalipwa 300,000 kila mmoja. Soko la jumla la umeme hapa linakwenda hivyo kila nusu saa: mitambo inapangwa kuanzia wa bei ya chini, upepo, jua, nyuklia, na wa mwisho kuitwa ili mahitaji yatimie ndiye anayeweka bei. Uingereza wa mwisho huyo, saa nyingi za mwaka, ni mtambo wa gesi, ingawa gesi yenyewe inazalisha kama theluthi tu ya umeme wote. Na mtambo wa gesi unachoma karibu yuniti mbili za gesi kupata yuniti moja ya umeme. Ongeza gharama za kuendesha, ushuru wa hewa ya kaboni, nguzo na nyaya, na michango ya sera za serikali ambayo kwa miaka mingi imewekwa zaidi kwenye umeme kuliko kwenye gesi. Ndipo unapopata mara nne.

Mnakumbuka majira ya baridi ya 2021 kwenda 2022? Gesi ya jumla hapa huuzwa kwa thamu, na thamu moja ni yuniti 29.3. Mwaka 2020 thamu ilikuwa chini ya peni 50. Agosti 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine na kubana mabomba yake ya Ulaya, ilipita peni 500. Lakini kampuni zilianza kuanguka kabla hata ya vita hiyo. Kwa nini? Kampuni yenye akili hununua gesi na umeme wa miezi ijayo mapema, ikajua gharama yake. Nyingi ndogo zilikuwa zikiuza bei ya chini iliyofungwa ya mwaka mzima huku zenyewe zikinunua mzigo karibu na siku ya kuutumia. Soko lilipopanda, kila yuniti waliyouza ilikuwa hasara. Ndani ya miezi michache karibu kampuni 30 zikafa. Bulb, iliyokuwa na wateja zaidi ya milioni 1.5, ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali Novemba 2021, na mwaka uliofuata ikachukuliwa na kampuni nyingine ya nishati, Octopus.

Wateja wao walikatiwa umeme? Hapana. Kampuni ya kuuza ikifa, Ofgem anakuhamishia kwa nyingine, taa hazizimi na salio lako linalindwa. Lakini gharama ya kuwahamisha ililipwa na nani? Na sisi sote. Iliingizwa kwenye ada ya siku. Aprili 2022 ada ya siku ya umeme ilitoka kama peni 25 ikawa kama peni 45, na mpaka leo haijarudi ilikotoka, maana gharama za nyaya na mitandao nazo zimeongezwa humo humo. Mimi ada hii siipendi. Inamlipisha bibi anayewasha taa moja sawa na mwenye nyumba ya vyumba sita. Lakini ndiyo iliyopo, na kutoijua ndiko kunakoumiza.

Robo hii ada mbili ukizijumlisha ni peni 87.71 kwa siku. Kwa mwaka ni paundi 320. Hiyo ni kabla hujachemsha hata chai.

Kuna watu wanatazama kale kakioo ka mita janja, ile inayotuma namba yenyewe kwa kampuni, jikoni. Saa sita usiku imepita dakika moja, wote wamelala, kakioo kanaonyesha peni 54. Baba anaamka anachomoa friji! Baba, friji haina kosa. Kakioo kanaandika ada ya siku nzima pale siku mpya inapoanza.

Na sasa nizungumze na wenye mita za kulipa kabla, maana ninyi ndio mnaodhani mnaijua kwa sababu mmekulia kwenye LUKU au tokeni. Hapa ndipo LUKU inapotudanganya.

Dar es Salaam mwenye T1, au D1 ya watumiaji wadogo, hana ada ya huduma ya kila mwezi. Iliondolewa kwenye bei mpya za Aprili 2016. Ukifunga nyumba ukasafiri, yuniti zako unazikuta. Kinachokaribiana na ada ya hapa ni kodi ya jengo, ile 1,500 kwa mwezi inayokatwa kwenye LUKU: usiponunua umeme miezi mitatu, siku ukinunua inakatwa ya miezi yote mitatu. Mnaijua hasira yake. Mita ya Uingereza inafanya hivyo kila siku, kwa umeme na kwa gesi.

Tuchukue familia iliyokwenda Tanga likizo ya wiki sita. Siku 42. Umeme, 42 mara 53.68, ni paundi 22.55. Gesi, 42 mara 34.03, ni paundi 14.29. Wakati hawapo, salio likaisha, mita ikaendelea kuandika deni. Wamerudi saa nne usiku, nyumba baridi, baba anakimbia dukani na kadi ya gesi, anaweka paundi 10, anarudi, boila haiwaki. Anasema mita mbovu. Mita si mbovu, imemeza paundi 10 na bado inadai. Hali ni hiyo hiyo kwa asiyetumia gesi wakati wa kiangazi. Julai na Agosti boila imezimwa, hawekei hela. Oktoba anaweka, hela inazama. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kusafiri weka za siku utakazokuwa nje, na wakati wa kiangazi weka paundi mbili tatu za gesi kila wiki.

Kuna jambo baya zaidi. Umehamia nyumba mpya, mwenye nyumba anakukabidhi ufunguo wa kuwekea hela kwenye mita ya umeme na kadi ya gesi vilivyoachwa na mpangaji aliyetoka. Usivitumie! Ufunguo ule una deni lake, na kila ukiweka paundi 20, paundi tano zinakwenda kulipa mikate ya mtu usiyemjua. Siku ya kwanza soma mita, piga picha, tafuta kampuni inayohudumia anwani hiyo, uwaambie umeingia leo, wakufungulie akaunti yako na wakupe ufunguo mpya. Deni la aliyekutangulia si lako.

Na kama deni ni lako kweli? Kampuni inakata kiasi fulani kila wiki kupitia mita. Kiasi hicho kinajadiliwa. Wanatakiwa wazingatie uwezo wako, si matakwa yao. Piga simu, taja kipato chako na matumizi ya lazima, omba kipunguzwe. Salio likiisha kuna mkopo wa dharura, lakini unarudishwa kwenye hela ya kwanza utakayoweka, pamoja na ada za siku zilizolundikana. Usiku, mwisho wa wiki na sikukuu mita haikati mpaka saa za kazi zirudi.

Je, wanaweza kuja kukufungia mita hiyo kwa nguvu? Ilifika Februari 2023 gazeti likafichua mafundi wanavunja kufuli na kufunga mita hizo kwenye nyumba za wagonjwa na wenye watoto wachanga. Ofgem akasimamisha zoezi zima, na kanuni mpya zikaja Novemba mwaka huo. Sasa hawaruhusiwi kuifunga kwa nguvu kwenye nyumba yenye mtoto chini ya miaka 2, wala ya mzee wa miaka 75 na zaidi asiye na msaada ndani ya nyumba, wala ya mgonjwa ambaye afya yake inategemea umeme au joto. Kabla ya yote lazima wawe wamejaribu kuwasiliana nawe angalau mara 10. Na wakiifunga, lazima iwe na salio la paundi 30. Ukipata barua, usiitupe kwenye droo na zile nyingine. Jibu.

Tuje kwa wanaokatwa benki. Kukatwa kiasi kilekile kila mwezi maana yake kiangazi unaweka akiba, baridi unaitafuna. Ni sawa. Hatari iko kwenye makisio. Tazama bili: kando ya namba ya mita kuna herufi. E ni makisio, wamebuni wenyewe. A wamesoma wao. C umesoma wewe. Bili ya E, E, E mwaka mzima ni bili ya kubuni. Hata mita janja inaweza kupoteza mawasiliano na kurudi kuwa mita bubu, hasa baada ya kuhama kampuni. Namba bado utaisoma kwenye mita yenyewe. Tuma namba kila mwezi, na hasa siku ya mwisho kabla bei haijabadilika, yaani 31 Desemba, 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba. Usipotuma, kampuni inakisia ni yuniti ngapi ulizitumia kwa bei ya zamani na ngapi kwa bei mpya. Na Aprili au Mei, akaunti ikiwa na akiba kubwa wakati baridi imeshapita, una haki ya kuidai irudi benki.

Wakigundua walikukisia chini kwa miaka mitatu, wanaweza kukudai yote? Hapana. Wasipokuwa wamekutoza vizuri na kosa si lako, hawaruhusiwi kudai matumizi ya zaidi ya miezi 12 iliyopita. Kama ulikuwa unawazuia kusoma mita, hiyo ni habari nyingine. Peleka malalamiko kwa maandishi na utaje kanuni hiyo. Wiki 8 zikipita bila suluhu, au wakikupa barua ya msimamo wa mwisho, nenda kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa migogoro ya nishati. Ni bure, na ukikubali uamuzi wake, kampuni inalazimika kuufuata.

Mkataba wa bei iliyofungwa nitaupitia haraka. Unafunga bei ya yuniti na ada ya siku, haufungi bili. Ukiletewa ofa usiangalie paundi kwa mwezi, maana hiyo wanaweza kuishusha leo na kuipandisha Januari. Angalia namba mbili za peni, uzilinganishe na za kikomo za eneo lako, ukijua kwamba kikomo kinaweza kupanda au kushuka katika mwaka wa mkataba. Uliza faini ya kutoka ni kiasi gani. Ndani ya siku 49 za mwisho wa mkataba unatoka bila faini.

Mpangaji wa chumba, wewe je? Kama bili ina jina lako, kuchagua kampuni ni haki yako, si ya mwenye nyumba. Kama mwenye nyumba ndiye analipa kisha anakuuzia kwa mita yake ndogo, sheria inamkataza kukuuzia yuniti kwa bei inayozidi aliyolipa yeye. Anaruhusiwa kugawanya ada ya siku, haruhusiwi kufanya biashara. Mwombe nakala ya bili. Na ruzuku ya paundi 150 ya majira ya baridi, wanayopewa wenye kupokea mafao yanayozingatia kipato, inaangalia jina kwenye bili ya umeme: liwe lako au la mwenzi wako. Jina la shemeji aliyekutafutia nyumba halikusaidii.

Wenye saluni, migahawa na maduka, na viongozi wa misikiti na makanisa yetu, nyinyi kikomo cha bei hakiwahusu kabisa. Mkataba mkishasema ndiyo kwenye simu, umefungwa, hakuna siku 14 za kufikiri kama nyumbani. Dalali anayewapigia analipwa kamisheni, na mara nyingi imefichwa ndani ya bei ya yuniti. Mwulizeni ni peni ngapi, wafanyabiashara wadogo wana haki ya kuambiwa. Halafu tazameni VAT. Biashara hutozwa asilimia 20, lakini inayotumia umeme usiozidi wastani wa yuniti 33 kwa siku, au gesi isiyozidi yuniti 145 kwa siku, inatakiwa kutozwa asilimia 5. Kinyozi mwenye viti viwili kwa kawaida hafiki 33. Na nyumba ya ibada, kwa matumizi yasiyo ya biashara, nayo ni asilimia 5, ila lazima ipeleke cheti cha VAT kwa kampuni. Bila cheti inatozwa 20 mwaka baada ya mwaka, na kampuni hawatakuja kuwakumbusha.

Mwisho, mnaniuliza nini kinakula umeme. Joto. Kila chenye kuchemsha au kukausha. Shawa ya umeme ya kilowati 9, dakika 10, ni yuniti moja na nusu, karibu peni 40. Vijana wanne wakioga hivyo kila siku, ni kama paundi 47 kwa mwezi. Hita ya tangi la maji ya kilowati 3 iliyosahauliwa kwa saa tatu ni yuniti 9, paundi 2.37. Wenye boila ya gesi msiguse kabisa ile swichi ya hita, maana maji yale yale kwa gesi yangewagharimu chini ya nusu. Chaja ya simu, ambayo watoto wanagombezwa kila siku, haifiki hata peni moja kwa siku.

Meza mbili ziko pale kulia kwa ajili ya waliokuja na bili. Meza ya kwanza ni ya mita za kulipa kabla na madeni, ya pili ni ya wanaokatwa benki na wenye maduka. Mwenye picha ya mita iliyoandikwa ft³ asipange foleni, aje moja kwa moja mbele.

Ahsanteni sana.